Mbuzi Guniani: Bucha, Nyama ya Pakiti na Haki ya Mnunuzi Kuuliza

Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kukuta nyama katika kurasa za jarida lililozoea kujadili ngeli, arudhi na usawiri wa wahusika. Mshangao huo ndio ninaotaka kuuondoa kwanza. Lugha tunayoisoma darasani haiishi darasani. Huishi sokoni, zahanatini, katika matatu na mbele ya dirisha la bucha, na pale inapoacha kutumika ndipo wenyewe wanapoanza kupunjwa.

Wakazi wa miji yetu wamekuwa wakibishana: je, ni afadhali kununua nyama inayokatwa mbele ya mnunuzi, iwe katika bucha la mtaani au katika kaunta ya duka kuu, au ni afadhali kununua ile iliyokwisha kukatwa, kupimwa na kufungwa katika pakiti? Wengi huujibu ubishi huu kwa kutaja bei na usafi. Hayo ni mambo mazito, nami sitayapuuza. Hata hivyo, nionavyo mimi, swali linalotangulia mengine yote ni la lugha: ni wapi mnunuzi anaweza kuuliza, naye akajibiwa kwa lugha anayoielewa?

Kiswahili kina msemo unaolifumbata jambo hili. Mtu anayenunua kitu bila kukikagua, kisha akaja kugundua kuwa sicho alichokilipia, husemwa kuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Msemo huu una dawa yake ndani yake: fungua gunia, tazama, uliza. Katika makala haya nitadai kwamba nyama ya pakiti, jinsi inavyouzwa katika maduka yetu, ni mbuzi guniani hata kama gunia lenyewe linaonyesha ndani. Aidha, nitadai kwamba tiba si kuipiga vita pakiti, bali ni kuidai izungumze Kiswahili, na wakati huohuo kumhifadhi binadamu anayesimama nyuma ya kaunta.

Bucha la Githongo na sajili yake

Githongo ni soko lililo katika Imenti ya Kati, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Hapa ni nchi ya majani chai, kahawa, ndizi na ng'ombe wa maziwa wafugwao zizini. Wanaonunua nyama sokoni humu ni wachumaji chai, walimu, wauguzi, wahudumu wa bodaboda na wakulima waliokuja kuuza ndizi. Bucha la soko kama hili kila msomaji analijua: dirisha la kioo, kulabu zinazoning'iniza paja na mbavu, mizani, panga, gogo la kukatia, na mwuzaji aliyevaa koti jeupe ambalo kufikia adhuhuri si jeupe tena.

Bucha la kijijini aghalabu halitegemei jokofu. Linategemea mwendo. Mnyama huchinjwa mapema, mkaguzi huipiga nyama muhuri wa wino, kisha nyama huletwa katika sanduku la bati, na mwuzaji hujitahidi iishe kabla haijaharibika. Anayechinja zaidi ya wateja wake hupata hasara mwenyewe. Ukaguzi huo si hisani ya mtu bali ni matakwa ya Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356 ya sheria za Kenya. Mnunuzi ana haki ya kuutafuta muhuri huo kwa macho yake kabla hajatoa senti.

Sasa tuyasikilize mazungumzo. Tangu shule ya upili tumefundishwa kwamba sajili ya sokoni ina sentensi fupi, mzaha, ushawishi na kuchanganya ndimi. Tulizikariri sifa hizo kwa ajili ya mtihani, lakini ni nadra tulipoulizwa zinafanya kazi gani. Tuchukue mfano wa mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasikia katika bucha lolote la nyanda za juu:

– Nipimie nusu, lakini usinijazie mifupa.

– Mwalimu, mfupa ndio supu. Nikukatie mbavu?

– Hiyo ni ya lini?

– Imeingia asubuhi ya leo. Tazama muhuri huo, wino haujafifia.

– Basi kata hapo kidarini. Shuka kidogo. Hapo.

Katika semi tano tu, mnunuzi amepata kiasi anachotaka, amejadili uwiano wa mnofu na mfupa, ameuliza umri wa nyama, ameonyeshwa ushahidi wa ukaguzi, na amechagua pande lake kwa kidole na kwa jina. Mwuzaji naye amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe: kesho nyama ile ikinuka, mnunuzi anajua pa kurudi na la kusema. Wale wanaoisoma nadharia ya usemezano ya Mikhail Bakhtin watakubali kwamba hapa maana haikukabidhiwa na upande mmoja. Imejengwa na wawili.

Ni kweli kwamba mazungumzo mengi ya Githongo hufanywa kwa Kimeru, na ndivyo ipasavyo kuwa. Neno nyama lenyewe ni mali ya lugha zote mbili. Lakini mwalimu aliyepelekwa huko kutoka Busia, au muuguzi aliyetoka Kilifi, huuliza kwa Kiswahili na hujibiwa kwa Kiswahili. Kaunta ina uwezo wa kubadili lugha kwa kumtazama tu mteja usoni. Karatasi haina uwezo huo.

Kuna jambo jingine linalowagusa wanyonge. Bucha humkatia mtu nyama ya shilingi mia akitaka. Humwandikia deni mkulima anayefahamika, hadi bonasi ya chai itakapolipwa. Pakiti imekwisha kuamua uzito na bei kabla mnunuzi hajafika. Mwenye shilingi mia hana la kuiambia.

Kasoro za bucha

Nisije nikadhaniwa kuwa naandika utenzi wa kulisifu bucha. Kasoro zake ni nyingi na tunazijua. Nzi hawahitaji mwaliko. Gogo la kukatia lina nyufa ambazo hakuna brashi inayozifikia. Mkono unaopokea noti chafu ndio unaoshika maini. Mizani nayo ina siri zake. Kubwa kuliko yote, mnyama aliyechinjwa vichakani bila mkaguzi anaweza kuleta kimeta, ugonjwa unaomhama mnyama na kumwua binadamu. Hofu ya Wakenya ya kuuziwa nyama ya punda kwa jina la ng'ombe pia haikuzuka hewani.

Wanaoipendelea nyama ya pakiti basi wana hoja. Ubaridi usiokatika huwazuia bakteria kuongezeka. Nyama iliyofungwa haiguswi na kila mpita njia. Ikifungwa bila hewa kabisa, hudumu majuma kadhaa katika jokofu. Lebo yenye tarehe, kama ni ya kweli, ni bora kuliko kauli ya "imeingia leo", kama ni ya uongo. Sina nia ya kuzikanusha faida hizi. Ninachokanusha ni imani kwamba usafi wa plastiki ni sawa na ukweli wa habari.

Mashahidi wawili wa uongo: rangi na lebo

Mnunuzi asiyeuliza ana mashahidi wawili tu, nao ni rangi na lebo. Historia ya karibuni inatuonyesha kwamba wote wawili wanaweza kusema uongo.

Tuanze na rangi. Nyama ya ng'ombe ina protini iitwayo mayoglobini. Nyama inapokatwa tu, huwa na rangi ya zambarau iliyokolea. Ikipata oksijeni, hugeuka nyekundu ya kupendeza. Siku zinapopita, huelekea kahawia. Kwa hiyo wekundu ni habari kuhusu hewa kabla ya kuwa habari kuhusu ubichi. Wenye viwanda wanalijua hilo, na ndiyo maana aina fulani ya pakiti hujazwa gesi yenye oksijeni nyingi ili nyama iendelee kung'aa rafuni. Hilo halivunji sheria, lakini jicho la mnunuzi limekwisha kutiwa miwani.

Julai 2019, Wakenya walijifunza somo hili kwa uchungu. Makala ya upelelezi ya kituo cha televisheni cha NTV yalidai kwamba baadhi ya maduka makuu yalikuwa yakiipaka nyama kemikali ya sodiamu metabisulfaiti, ili iliyozeeka ionekane mbichi. Kemikali hiyo ni kihifadhi kinachojulikana katika vyakula vingine, lakini katika nyama hurudisha wekundu na kuficha dalili za kuoza, na jamii hiyo ya kemikali inaweza kuwadhuru wenye pumu. Msomaji makini atanikumbusha kwamba nyama iliyozungumziwa ilikuwa ile ya kaunta, si ya pakiti. Naam, na ndiyo sababu sisemi kwamba kaunta inatosha. Kaunta ambayo mnunuzi hutazama tu kisha akanyoosha kidole, bila kuuliza ya lini, imetoka machinjio gani na imetiwa nini, ni pakiti isiyo na plastiki.

Shahidi wa pili ni lebo. Januari 2013, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza kuwa imepata chembe za nasaba za farasi katika mikate ya nyama ya kusaga iliyogandishwa na kuuzwa kama nyama ya ng'ombe. Katika sampuli moja, kiwango kilifikia asilimia 29. Kashfa hiyo ilienea katika nchi nyingi za Ulaya. Pakiti zile zilikuwa safi, zenye maandishi yanayosomeka vizuri na tarehe zilizopigwa chapa. Wanunuzi walikuwa wanajua kusoma. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa.

Fauka ya hayo, tusidhani kwamba pakiti ilibuniwa kwa ajili ya mnunuzi pekee. Februari 2000, wakataji nyama wachache wa duka la Walmart katika mji wa Jacksonville, jimbo la Texas, walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Haukupita muda, kampuni ikatangaza kwamba maduka yake 180 yangeanza kuuza nyama iliyofungwa tayari. Kampuni ilikana kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Uingereza nako, Novemba 2020, kampuni ya Sainsbury's ilitangaza kufunga kaunta zake za nyama na samaki. Popote pale, mkataji ni mshahara, na pakiti haidai mshahara. Inapofika zamu yetu, tusikubali kuambiwa kwamba mtu ameondolewa kwa ajili ya afya zetu, ikiwa ameondolewa kwa ajili ya hesabu.

Lebo isiyosema Kiswahili

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Ichukue pakiti ya nyama kutoka jokofu la duka kuu lolote katika miji yetu uisome. Aghalabu jina la pande ni la Kiingereza. Maagizo ya kuhifadhi, viungio na tarehe ni vya Kiingereza. Nyama imetoka kwa mfugaji wa Laikipia, imechinjwa na Mkenya, inaliwa na Mkenya, lakini imepita njiani ikapoteza lugha.

Si kwamba Kiswahili hakina maneno. Kina sarara, ile nyama laini ya mgongoni. Kina kidari, nundu, paja, mbavu, shingo, mkia na makongoro. Kina mnofu kwa nyama isiyo na mfupa, na Watanzania wameswahilisha steki kwa maana iyo hiyo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekesha tukibishana kama chombo cha kuandikia kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Sijasikia tukikesha kwa ajili ya sarara. Ni wangapi kati yetu wangeweza kuionyesha katika mwili wa ng'ombe? Neno halifi kwa sababu limeshindwa kuitaja dunia. Hufa kwa sababu halijaandikwa pale pesa zinapobadilishana mikono.

Madhara yake si ya kimsamiati tu. Kuna tarehe ambayo ikipita chakula huwa hatari, na kuna tarehe ambayo ikipita chakula hupungua ladha tu. Tofauti baina ya tarehe hizo ni tofauti baina ya ugonjwa na upotevu wa fedha, nayo imefichwa katika maneno mawili matatu ya Kiingereza. Anayezisoma mara nyingi si mwenye pesa. Ni mfanyakazi wa nyumbani aliyetumwa, au nyanya aliyeachiwa wajukuu. Huyo akiwa mbele ya bucha huuliza bila haya. Mbele ya pakiti, hunyamaza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwisha kutupa silaha. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Visome vifungu hivyo kwa pamoja. Habari isiyoeleweka si habari, na haki iliyoandikwa kwa lugha ambayo mwenye haki haisomi ni mbuzi mwingine katika gunia jingine.

Pingamizi na majibu

Kuna atakayesema kwamba wateja wa maduka makuu ni wasomi wanaojua Kiingereza. Hoja hii ilikuwa na nguvu wakati maduka hayo yalipokuwa Nairobi na Mombasa tu. Siku hizi yamo katika miji ya kaunti, Meru na Embu zikiwemo, na mchumaji chai wa Githongo hufika huko kwa matatu.

Mwingine atasema kwamba nafasi ya lebo ni finyu. Pakiti ya sigara ni ndogo kuliko pakiti ya nyama, na tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 onyo la Kiswahili limepata mahali pa kukaa. Mwaka uo huo huduma ya M-Pesa ilianzishwa, na ikawawezesha watumiaji kuchagua Kiswahili katika simu zao. Kumbe palipo na nia, nafasi hupatikana. Inashangaza kwamba taifa limeona umuhimu wa kumwonya mvutaji kwa Kiswahili, lakini halijaona umuhimu wa kumweleza mlaji nyama.

Wa tatu, na huyu namheshimu zaidi, atauliza: kwa nini Kiswahili na si Kimeru? Jibu langu ni kwamba kila lugha ina mahali pake. Kimeru kinatawala kaunta ya Githongo kwa mdomo, nacho kiachwe kitawale. Lakini pakiti husafiri. Iliyofungwa Athi River huenda ikauzwa Meru, Kisii au Lamu, na hakuna lugha nyingine ya Kiafrika inayoweza kufuatana nayo katika safari hiyo.

Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na hayo niliyoyaeleza, napendekeza mambo manne.

Kwanza, maduka makuu yasizifute kaunta za nyama. Yampe mkataji ruhusa, na wajibu, wa kujibu maswali matatu: nyama hii ni ya lini, imetoka machinjio gani, na imetiwa nini.

Pili, kila pakiti iandikwe kwa Kiswahili pia: jina la mnyama, jina la pande, tarehe ya kuchinjwa, tarehe ya kufungwa, viungio na namna ya kuhifadhi. Hayo ni maneno yasiyozidi thelathini.

Tatu, bucha la mtaani lijifunze kutoka kwa pakiti. Ubao mdogo ukutani unaoonyesha tarehe ya kuchinjwa na bei ya kilo hauhitaji umeme. Mtu mmoja ashike nyama, mwingine ashike pesa. Na gogo lililopasuka libadilishwe.

Nne, chama chetu kiache kungoja serikali. Wakati wa likizo kila mwanachama aende katika bucha la soko la kwao, awe na daftari, amwombe mwuzaji amtajie kila pande la ng'ombe na la mbuzi kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali hapo. Wa Githongo alete ya Githongo, wa Siyu alete ya Siyu, wa Taveta alete ya Taveta. Majina hayo yapangwe, yalinganishwe, kisha yachapishwe katika jarida hili, ili siku wenye viwanda watakapodai kwamba hawana istilahi tuwakabidhi orodha. Walimu wetu wa leksikografia wana ujuzi wa kutuongoza. Nina hakika kwamba wauza nyama watatusaidia kwa furaha, maana ni mara chache mtu wa chuo kikuu huingia dukani mwao akiuliza jambo lisilo la bei.

Wahenga walisema kuwa rahisi huvunja upishi. Kununua bila kuuliza ni rahisi, na kuuza bila kuulizwa ni rahisi zaidi. Sisi tuliopewa fursa ya kukisoma Kiswahili kwa kina tuna deni kwa wale wanaokihitaji ili wajue wanachowalisha watoto wao. Likizo ijayo ni wakati mwafaka wa kuanza kulilipa.